Kamba ya Wegesa Haikuuzwa

Wegesa alikuwa mtu wa kuamka mapema. Jua lilipochomoza lilimkuta amekwisha kukamua ng'ombe, amewasha moto na kubandika uji. Watoto wakishaenda shule, alichukua jembe lake akashuka shambani.

Alizaliwa Susuni, kule Tarime. Aliolewa na Isack, mtu wa Ikoma, wakajenga kijijini kwao Isack, si mbali na geti la hifadhi. Isack alikuwa mlinzi katika kambi ya watalii. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akalala siku chache, akaondoka. Kwa hiyo shamba lilikuwa mikononi mwa Wegesa. Alilima, alipalilia, alivuna, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika juu ya kazi. Kugombana aligombana, tena sana, lakini hilo ni jambo lingine.

Shamba lenyewe lilikuwa na umbo lake. Babu yake Isack, mzee Kisyeri, alikuwa na ardhi kubwa iliyoanzia barabarani juu mpaka mtoni chini. Alipozeeka aliigawia nyumba za wake zake. Hakuikata vipande vyenye pande sawa. Aliikata kwa urefu, mkanda baada ya mkanda, ili kila nyumba ipate barabara na ipate maji. Wanawe nao wakawagawia watoto wao vivyo hivyo. Kila walipogawa, mikanda ilizidi kuwa myembamba.

Isack alipata mkanda mmoja. Mkanda wa pembeni yake ulikuwa wa kaka yake, Mseti. Katikati palikuwa na mstari wa mikonge, na huo ndio ulikuwa mpaka.

Mikonge hiyo ilikuwa na maradhi ya ajabu. Kila mwaka mmoja au miwili ilikauka, na kila mara ilikauka baada ya Mseti kulima. Wegesa aliona. Na hakusahau.

Shida kubwa ya kijiji hicho ilikuwa tembo. Mahindi yakianza kubeba, tembo walivuka mto na kula jasho la watu. Ndipo wakulima wakaunda kikundi, wakamchagua Enock kuwa mwenyekiti. Enock alikuwa mkulima wa makamo, mrefu, mpole, asiyependa upendeleo. Mradi mmoja uliwaletea marobota ya kamba na kuwafundisha kujenga uzio wa pilipili. Unasimika nguzo kuzunguka shamba. Unafunga kamba. Kwenye kamba unaning'iniza vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu na pilipili iliyosagwa. Tembo akinusa harufu ile, pua inamuwasha, anageuza njia.

Siku ya kugawana kamba, Enock alitaka haki tupu. Kila mwanakikundi alikuwa na eka moja. Pale kijijini eka hupimwa kwa hatua, sabini kwa sabini. Shamba la Enock lilikuwa hivyo hasa, pande zote nne sawa. Shamba la Wegesa lilikuwa jembamba, upana wake hatua thelathini na tano tu. Lakini lilikuwa refu, hatua mia moja na arobaini. Upana ni nusu, urefu ni mara mbili. Kamati ya kikundi ilikuwa imelipima zamani na kukubali kuwa ni eka moja kamili.

Basi Enock alizungusha kamba kwenye shamba lake mwenyewe mpaka ikarudi pale ilipoanzia. Akaikata. Kisha akaitumia kamba hiyo kuwa kipimo, akawakatia wenzake wote urefu ule ule.

"Eka ni eka," alisema. "Hakuna atakayepunjwa."

Watu wakapiga makofi. Hata Wegesa alipiga. Nani angekataa haki iliyo wazi namna hiyo?

Wegesa alianza kufunga kamba upande wa mtoni, kwa sababu tembo walitokea huko. Akapanda nayo upande wa porini mpaka barabarani. Kisha akarudi mtoni, akapandisha kamba iliyobaki kwenye mpaka wa Mseti. Kabla hajafika juu, kamba ikaisha. Sehemu ya mpaka ilibaki wazi. Upande wote wa barabarani nao ulibaki wazi.

Alimfuata Enock kumwambia. Enock alishangaa. Alisema kamba zote alizikata mwenyewe, tena mbele ya watu, na hakuna iliyozidi nyingine. Akamwambia aende atafute vizuri, huenda kipande kilisahaulika nyumbani. Wegesa alitafuta chini ya vitanda na juu ya dari ya jiko. Hakukuwa na kipande.

Wiki haikuisha, tembo wakaja. Walikumbana na harufu ya pilipili mtoni, wakazunguka, wakapanda mpaka barabarani, wakaingia palipo wazi. Asubuhi Wegesa alikuta mahindi yote ya juu yamelala chini. Yaliyobaki ni mtama wa upande wa mtoni. Alisimama pale akalia kwa hasira. Alilia kimya kimya, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kuokota magunzi ya kulisha ng'ombe.

Kikao kiliitwa siku hiyo hiyo kwenye ghala la kijiji. Mseti ndiye aliyesimama kwanza.

"Mimi sipendi kumsema shemeji yangu," alisema, na hapo hapo akamsema. Aliwakumbusha watu kwamba kamba zile ni nzuri kwa kufungia ng'ombe, na mnadani zinagombewa. Kama eka zote ni sawa na kamba zote ni sawa, kipande cha Wegesa kimekwenda wapi? Hakikuota miguu.

Watu walitazamana. Maneno ya Mseti yalikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililomuuma Wegesa zaidi. Aliapa kwamba hakuuza kamba. Lakini kiapo hakizibi pengo.

Enock alikuna kichwa. Sheria ya kikundi ilikuwa inajulikana: anayepoteza mali ya kikundi hutoa mbuzi na kuomba radhi. Asipotoa, anaondolewa, na kamba yake inachukuliwa. Alimwomba Wegesa amalize jambo hili kwa amani kabla ya kikao kijacho.

"Mwenyekiti," Wegesa alisema, "mbuzi wangu hatoki. Na radhi siombi. Mtu anaomba radhi kwa kosa alilofanya."

Akatoka nje ya ghala bila kuangalia nyuma.

Jioni Isack alipiga simu. Mseti alikuwa amekwisha kumfikishia habari, na habari ilikuwa imetiwa chumvi njiani. Isack hakumgombeza mkewe, lakini sauti yake ilikuwa nzito. Alisema Mseti amejitolea kulilima shamba lile kuanzia mwakani. Wegesa akiondolewa kwenye kikundi hatakuwa na uzio, na shamba lisilo na uzio ni chakula cha tembo. Basi si heri kaka alichukue?

Wegesa alielewa kila kitu. Mikonge ilikuwa inakauka mmoja mmoja. Sasa mpaka wote ulikuwa unataka kukauka kwa mara moja.

"Isack," alisema, "nipe mpaka kikao kijacho. Mimi ni binti wa Susuni. Sijawahi kuuza kisicho changu, na sitaachia kilicho changu."

Kesho yake alimfunga mbuzi wake kwa kipande cha kanga kuukuu. Hakutaka mtu apite aone kamba ya aina yoyote pale kwake.

Jumamosi alasiri Wegesa alikuwa na kisomo. Shule ya msingi ilikuwa na darasa la watu wazima, na mwalimu wake alikuwa Agustina, mwanamke mwenye asili ya Mbinga aliyepangiwa kazi huku. Wegesa alikuwa amejifunza kusoma na kujumlisha katika darasa hilo. Siku hiyo alikuja, akakaa, akafungua daftari, na hakuandika kitu. Wenzake walipoondoka, Agustina alimuuliza kulikoni. Wegesa akamwaga yote.

Agustina hakusema pole. Alichukua chaki.

"Mama, eka inapima nini?"

"Ukubwa wa shamba."

"Ukubwa wa wapi? Wa ndani au wa pembeni?"

Wegesa alifikiri. Eka ndiyo sehemu unayolima, unayopanda mbegu. "Wa ndani," alijibu.

"Na kamba ya uzio inalala wapi? Unaitandaza shamba zima kama mbegu?"

"Hapana. Inapita pembeni, inazunguka."

"Basi kamba haina habari na eka," Agustina alisema. "Ukubwa wa ndani unaitwa eneo. Kamba inafuata ukingo. Ukianza kutembea kwenye ukingo wa shamba, ukazunguka pande zote mpaka ukarudi ulipoanzia, urefu wote uliotembea unaitwa mzingo. Ukitaka mbegu au mbolea, uliza eneo. Ukitaka kamba, nguzo au senyenge, uliza mzingo."

Alichora shamba la Enock ubaoni. Akamwambia Wegesa aandike urefu wa kila upande, kisha ajumlishe. Umbo liwe lolote, alisema, mzingo ni jumla ya pande zake zote. Hakuna uchawi.

Wegesa aliandika kwa mkono mzito. Sabini na sabini na sabini na sabini. Akapata hatua mia mbili na themanini.

"Pande zikiwa sawa zote nne, unaweza kuzidisha upande mmoja kwa nne," Agustina alisema. "Haya, sasa chora la kwako."

Wegesa alichora mkanda mrefu. Thelathini na tano upande wa mtoni. Mia moja na arobaini upande wa porini. Thelathini na tano barabarani. Mia moja na arobaini kwa Mseti. Agustina alimwonyesha njia ya mkato: jumlisha urefu na upana, kisha zidisha mara mbili. Mia moja na arobaini ongeza thelathini na tano ni mia moja sabini na tano. Mara mbili ni mia tatu na hamsini.

Wegesa aliziangalia namba zile. Mia mbili na themanini. Mia tatu na hamsini. Akajumlisha tena upande kwa upande, asije akawa amekosea. Jibu halikubadilika.

"Kumbe walinipa pungufu," alisema. "Hatua sabini pungufu. Halafu wakaniita mwizi."

"Hawakukusudia, mama. Walidhani eka zikiwa sawa, mizingo nayo itakuwa sawa. Wengi wanadhani hivyo. Shamba likirefuka na kuwa jembamba, mzingo unaongezeka hata kama eneo ni lile lile."

"Wakusudie wasikusudie, mbuzi wangu hatoki."

Agustina alicheka. Kisha akamwonya. Namba za ubaoni zitaaminiwa na wachache. Kwenye kikao apeleke kitu ambacho watu watakiona kwa macho na kukishika kwa mikono.

Wegesa alipita dukani akanunua sabuni ya mche. Nyumbani aliikata vipande vinne, kila kimoja kikiwa na pande sawa. Akavipanga mezani viwili viwili, vikawa kama shamba la Enock. Akavizungushia uzi na kuukata. Kisha akavipanga vyote vinne katika mstari mmoja, vikawa kama shamba lake. Akazungusha uzi ule ule. Haukukutana.

Alirudia mpaka sabuni ikaanza kulainika vidoleni. Halafu akashuka shambani kujaribu jambo moja zaidi. Alitembea upande wa barabarani ulio wazi akihesabu hatua zake, ambazo zilikuwa fupi kuliko za wanaume. Zilikuwa arobaini na mbili. Akatembea kwenye pengo la mpakani. Arobaini na mbili hizo hizo. Mapengo mawili, kila moja sawa na upana wa shamba lake. Upana ni thelathini na tano za Enock, na thelathini na tano mara mbili ni sabini. Namba za ubaoni zilikuwa zimesimama mbele yake juu ya ardhi.

Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu. Ni muda mrefu alikuwa hajalala hivyo.

Kikao kilipofika ghala lilijaa. Wegesa aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akasimama katikati bila mbuzi. Watu walinong'ona. Alitoa vipande vyake vya sabuni akaviweka juu ya gunia la mahindi.

"Shemeji, hapa si mtoni," Mseti alisema. "Mambo ya sabuni peleka kwenye nguo."

Watu wakacheka.

"Nitapeleka, shemeji," Wegesa alisema. "Leo inafua jina langu kwanza."

Akamwomba Enock asogee. Hakutaka kuonyesha mwenyewe, watu wasije wakasema amefanya kiini macho. Enock alivipanga vipande viwili viwili, akavizungushia uzi, akaukata pale ulipokutana. Wegesa akamwomba avipange sasa katika mstari mmoja. Enock akapanga, akazungusha uzi ule ule. Akavuta. Akavuta tena. Uzi uliishia njiani.

Enock alivitenganisha vipande, akavihesabu kwa kidole, akavipanga upya. Uzi ukaishia pale pale.

"Vipande ni vile vile vinne," alisema polepole. "Hakuna kilichoongezwa."

"Shamba lako na langu ni eka moja moja, tata," Wegesa alisema. Kwa Wakurya, tata ni baba, na ni neno la heshima. "Ndani tuko sawa. Lakini wewe kukuzunguka ni hatua mia mbili na themanini. Mimi kunizunguka ni mia tatu na hamsini. Ulitukatia wote kamba ya shamba lako. Sasa twende ukapime ile iliyo kwangu. Uipime wewe, kwa miguu yako. Ikipungua hata hatua moja katika mia mbili na themanini, mchinjeni mbuzi, na mimi nitawapikia."

Wote wakatoka. Enock alitembea kando ya kamba akihesabu kwa sauti, na watu wakahesabu naye. Mtoni, thelathini na tano. Upande wa porini, mia moja na arobaini. Upande wa Mseti, mia moja na tano, kisha kamba ikaisha. Bwana mmoja mwenye simu akajumlisha. Mia mbili na themanini. Kamba ya Wegesa ilikuwepo yote, mpaka fundo la mwisho.

Enock alivua kofia. Alisema amekosea, na kosa lake limemvunjia mtu heshima. Aliyasema hayo mbele ya watu wote, na Wegesa alimheshimu kwa hilo.

Lakini Wegesa alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Mseti, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu.

"Shemeji, mkanda wako ni sawa na wangu. Baba yenu aliwagawia upana ule ule, urefu ule ule. Na kamba yako ilikuwa ile ile. Wewe yako ilifikaje?"

Watu walivuka mikonge wakaenda kuangalia wenyewe. Juu, upande wa barabarani, shamba la Mseti halikuwa na kamba. Palikuwa pamezibwa kwa matawi ya miiba, na pembeni napo kipande kikubwa kilizibwa vivyo hivyo. Miiba haimzuii tembo; walikuwa wamechagua kwa Wegesa kwa bahati tu.

"Niliona imepungua," Mseti alisema hatimaye. "Nikadhani nimeifunga vibaya. Nikanyamaza. Ulipokuja kusema ya kwako imepungua, niliogopa. Ningesema na mimi, ningeambiwa nimeuza."

"Kwa hiyo ukaona heri niambiwe mimi."

"Ndiyo," alisema, akiangalia chini.

Wegesa alimsogelea. Angeweza kumtukana mbele ya ukoo mzima, na nani angemlaumu? Kabla hajafungua mdomo, mama mmoja akapaza sauti. Alikuwa Rhoda, ambaye shamba lake lilikuwa na pembe tatu, pale barabara inapopinda. Alisema kamba yake nayo haikufika. Alidhani imenywea kwa mvua.

Hapo watu walicheka kweli, na hewa ikalegea. Wakaenda kwa Rhoda. Enock akapima pande tatu: mia moja, tisini na nane, na mia moja na arobaini. Safari hii Wegesa ndiye aliyejumlisha, kwa kijiti, juu ya vumbi. Pande tatu au nne, kazi ni ile ile, unajumlisha zote. Mzingo ulikuwa hatua mia tatu thelathini na nane. Rhoda alipungukiwa hatua hamsini na nane.

Sasa lilikuja swali gumu. Kamba za mradi zilikuwa zimekwisha. Wenye mashamba ya pande sawa wakikatwa zao, nao watabaki na mapengo. Enock alisema atatoa kidogo kwenye yake, na watu wakamkatalia.

Wegesa alirudi kwenye mpaka wake akasimama. Mbele yake palikuwa na kamba mbili. Moja ilikuwa yake, upande huu wa mikonge. Nyingine ilikuwa ya Mseti, upande ule. Zilifuatana hivyo karibu njia nzima kutoka mtoni. Tembo gani angetokea katikati ya mikonge? Kamba zile zilikuwa zinamkinga shemeji na shemeji mwenziwe, basi.

Akachukua kijiti chake tena. Akachora mikanda miwili ikiwa pamoja, bila kamba katikati. Upana sasa ni thelathini na tano mara mbili, yaani sabini. Urefu haubadiliki, mia moja na arobaini. Akajumlisha urefu na upana, akapata mia mbili na kumi. Mara mbili, mia nne na ishirini.

"Tukizungushia kila mtu lake, tunahitaji hatua mia saba," aliwaambia. "Tukizungushia yote mawili kwa pamoja, mia nne na ishirini zinatosha. Na kamba tulizo nazo sisi wawili ni mia tano na sitini. Zinabaki mia moja na arobaini. Rhoda apewe hamsini na nane zake. Zinazobaki, themanini na mbili, zikae ghalani kwa matengenezo."

Enock alipitia hesabu pale pale kwenye vumbi, namba moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa kukubali.

Mseti ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Vizuri sana, shemeji," alisema. "Tuwe kitu kimoja. Na hii mikonge tuing'oe, ya nini tena?"

Wegesa alinyooka. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo Mseti alirudi nyuma.

"Uzio utakuwa mmoja," alisema. "Mashamba ni mawili. Mikonge inabaki."

Enock akakumbusha sheria. Aliyemsingizia mwenzake naye hutozwa mbuzi. Akamuuliza Wegesa kama anamtaka.

"Sitaki mbuzi wake. Nataka vitu viwili. Kwanza ampigie Isack simu sasa hivi, aweke sauti ya nje, aseme mwenyewe kwamba kamba haikuuzwa. Pili, mikonge yote iliyokauka upande wake aipande upya. Aipande yeye, kwa mikono yake."

Mseti alipiga simu. Alianza kuzunguka zunguka, akiulizia mvua na hali ya kazini. Watu wakamkazia macho. Mwisho akasema. Kamba ya Wegesa haikuuzwa, na yeye alijua kwamba hata ya kwake imepungua. Isack akaomba apewe mkewe. Alimwambia anamwomba msamaha kwa kuyasikiliza maneno ya watu kabla ya maneno yake. Wegesa alisema ameusikia msamaha, na kwamba wataongea vizuri akirudi.

Walihamisha uzio wote kwa pamoja, Mseti na watoto wake, Wegesa na wa kwake. Mara hii kamba ilizunguka ikarudi ilipoanzia, ikafungwa fundo. Mwalimu Agustina alialikwa kwenye kikao kilichofuata, akawafundisha wote mzingo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekatiwa kamba kabla ya pande za shamba lake kupimwa na kujumlishwa. Na Mseti alipanda mikonge, kutoka barabarani mpaka mtoni. Wegesa alisimama akimwangalia, na pale alipopinda, alimnyooshea kwa kidole.

Mtama ulipoanza kuiva, tembo walivuka mto tena. Asubuhi Wegesa alizikuta nyayo zao. Zilianza upande wa mtoni, zikafuata uzio upande wa porini, zikapita barabarani, zikashuka upande wa mbali wa Mseti mpaka mtoni. Walikuwa wamezunguka pande zote wakitafuta pengo, wakakosa. Wegesa alizifuata nyayo zile mpaka zilipoanzia, akihesabu kwa hatua zake fupi. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Simu ililia. Alikuwa Isack. Alikuwa amesikia kambini kwamba tembo wamepita kijijini, akauliza shamba likoje.

Wegesa aliangalia mtama uliosimama. Akaangalia mikonge michanga katikati, mstari ulionyooka.

"Lipo lote," alisema. "Mpaka kwenye mikonge."